Kofia za Vyuo Gani?

Kila asubuhi kabla ya basi la shule kufika, Odessa alipika uji mzito wa mahindi, akautia siagi na kuupakua kwenye sahani mbili. Mama alikuwa ameshakwenda kiwanda cha kuku. Kaka yake, Tavaris, alikaa mezani akiitazama simu yake.

"Kaka, unapoa."

"Nitakula. Niache kwanza."

Tavaris alicheza futboli ya Kimarekani. Kwa miaka mitatu alikuwa amepita vyuo vitatu. Mwezi Desemba aliandikisha tena jina lake kwenye orodha ya uhamisho, ya wachezaji wanaotaka kubadili chuo, akiamini makocha watamgombania. Siku ileile, chuo chake kikampa mtu mwingine nafasi yake. Januari ilikuwa inakwisha na simu haijalia.

Ndani ya basi, mwanafunzi mwenzake Jarvell alipaza sauti. "We Odessa! Kaka yako kahamia wapi safari hii? Jikoni kwenu?"

Basi zima likacheka. Odessa alihisi masikio yakimuwaka. "Vyuo vinne vimempigia! Jumatano ijayo anatia saini hapahapa shuleni. Mtakoma!"

Mji ule wa Alabama ulikuwa na shule moja tu, na kila mtu aliijua Jumatano ya saini. Mchezaji huketi mbele ya watu, kofia za vyuo vinavyomtaka zimepangwa mezani, naye huvaa ya chuo alichokichagua. Kufikia mchana, habari ilikuwa imemfikia Kocha Hargrove, aliyemfundisha Tavaris zamani palepale shuleni.

"Hongereni!" alisema. "Haya, nitajie, kofia za vyuo gani? Nataka kuziagiza."

"Nitamuuliza, Kocha."

Hakumuuliza. Siku tatu alikula chakula cha mchana peke yake nyuma ya maktaba, asikutane na mtu wa kumuuliza jambo. Nyumbani nako kaka yake alishinda na simu yake. Watu wawili chini ya paa moja, kila mmoja na upweke wake.

Siku ya nne Kocha alimkuta huko. "Odessa, kofia?"

"Hakuna kofia." Machozi yakamtoka. "Hakuna chuo kilichopiga. Nilidanganya."

Jioni ile Kocha alibisha hodi kwao. Tavaris alijilazimisha kutabasamu. "Karibu, Kocha. Mambo safi tu, wananipigia kila siku."

"Kaka," Odessa alisema polepole, "nimeshamwambia ukweli."

Tavaris akafunika uso kwa viganja. Kocha akavuta kiti. "Umebakiza masomo mangapi uhitimu?"

"Sijui."

"Hujui! Uzito wako unaujua mpaka nusu kilo, masomo yako huyajui?"

Wakayapekua matokeo. Kila alipohama, chuo kipya kilikataa baadhi ya masomo ya chuo cha zamani. Miaka mitatu ya jasho ilihesabika kuwa mwaka mmoja na nusu tu wa masomo.

Kocha alimsaidia kuandikia chuo kidogo kisicho na timu ya futboli, mwendo wa saa moja kutoka pale.

Jumatano, Odessa alisimama ndani ya basi. "Kaka yangu hatii saini. Nilisema uongo." Jarvell alipiga mluzi, wengine wakaguna. Akakaa peke yake mpaka shuleni, lakini mchana ule hakwenda nyuma ya maktaba.

Baada ya wiki mbili jibu lilikuja: Tavaris amekubaliwa kusomea tiba ya viungo, na masomo yake yote yamepokelewa. Mama alilia akiwa bado na aproni ya kiwandani.

"Uwanja humwacha kila mchezaji," Kocha aliwaambia. "Mimi uliniacha na goti bovu nikiwa na miaka ishirini na mbili. Aliyesoma ana pa kwenda. Na wewe, Odessa, ulidhani unamtetea kaka yako, kumbe uongo ulikuwa unamfungia mlango. Mtu asiyejulikana kwamba ameanguka, nani atamnyanyua?"