Aliyeshika Upande wa Kushoto

Vitanzi vya upande wa kushoto vilikuwa vimeshatundikwa. Chapchap alisimama upande wa kulia wa kitanda, kitanzi chake cha mwisho kikiwa bado mkononi, akajaribu kukumbuka alizunguka lini kwenda upande ule. Hakukumbuka. Akajicheka kimoyomoyo kwamba uchovu umeanza kumla akili, akaendelea na kazi.

Alikuwa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wasiojiweza, na jina la Chapchap alipewa na wagonjwa kwa kuwa hakujua kukaa chini. Aliyempenda kuliko wote ni Mwalimu, bibi mstaafu aliyepooza kuanzia kiunoni, ambaye hata madaktari aliwasahihisha wakiongea ovyo. Kumtoa Mwalimu kitandani kulihitaji winchi, chuma kirefu chenye magurudumu, kinachomnyanyua mgonjwa ndani ya kitambaa kipana chenye vitanzi vya kutundikia, walichokiita mbeleko. Kazi hiyo ina masharti yake. Mbeleko iwe ya saizi ya mgonjwa, miguu ya winchi ipanuliwe isije ikapinduka, na wasimame watu wawili, huyu huku na huyu kule. Mmoja anauliza, "Tayari?" Mwenzake akishajibu, ndipo rimoti inabonyezwa.

Lakini mwenzake Chapchap aliacha kazi, na Meneja alikuwa akimtafuta mwingine kwa mwendo wa kobe. Mwalimu akilala kutwa nzima, mgongo ulimchimbika vidonda, na Chapchap hakuweza kuvumilia kumwona akiuma shuka. Akaanza kumnyanyua peke yake. Kwa mazoea aliendelea kuuliza "Tayari?" hewani, kisha akajijibu kichwani.

Siku ile ya vitanzi, alijibiwa.

"Tayari," ilisema sauti nyuma ya winchi, taratibu, ya mtu aliyekaukiwa na koo.

Ulikuwa mchana, jua limejaa chumbani, na nyuma ya winchi hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa. Winchi ikasogea kwa ulaini ambao haikuwahi kuwa nao, ikamweka Mwalimu kitini bila hata kumgusisha goti.

Aibu kusema, lakini hofu ilipopungua Chapchap alifurahi. Kiuno chake kilikuwa hakimwumi tena. Kesho yake akauliza, akajibiwa, na siku zilizofuata akauliza kwa sauti zaidi, maana mtu aliyeelemewa hachunguzi sana mkono unaomsaidia unatoka wapi.

Mizani iliyofungwa kwenye winchi, ya kumpima mgonjwa anaponyanyuliwa, ndiyo iliyomshtua. Kila mara Mwalimu alipopanda, namba ilikuwa imeshuka, ingawa mashavu yake yalikuwa yaleyale na chakula alikuwa anamaliza. Siku moja bibi alimvuta mkono, akanong'ona macho yakiwa upande wa kushoto.

"Mwanangu, mwambie mwenzako asinishike kifuani. Kila akinishika, nabaki nusu."

Chapchap akageuza macho huko; mbeleko ilikuwa imeshapanda na bibi ananing'inia, na upande wa kushoto kitambaa kilikuwa kimebonyea pale pale kifuani, vidole kwa vidole, na ile harufu ya udongo ilikuwa imekuwa nzito mpaka anaionja mdomoni, na alijua kwamba akimwacha bibi kitandani vidonda vitammaliza, na akiendelea kumnyanyua kitammaliza hiki alichokiita mwenyewe kwa kinywa chake.

Jioni akaenda kwa mjomba wake, mganga, mtu wa utani siku zote. Safari hii mjomba hakutania. Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kama kuna binadamu aliyewahi kusimama upande ule tangu mwenzake aondoke.

"Uliita mtu na nafasi ilikuwa wazi," akasema kwa sauti ya chini. "Mweke binadamu pale. Hicho kikikosa pa kusimama, kitaondoka."

Meneja alishamchungulia kupitia kioo akaona mtu mmoja anatosha, kwa hiyo hakuelewa malalamiko yanatoka wapi. Chapchap, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, alimwambia hagusi rimoti mpaka yeye Meneja asimame kushoto. Meneja akakunja mikono ya shati akicheka kwamba leo bosi amegeuzwa kuli.

"Tayari?" Chapchap aliuliza.

"Tayari," akajibu Meneja.

Hakuna mwingine aliyejibu. Harufu ilikuwa imekatika, dirisha linaingiza hewa safi. Mwalimu akapanda, macho amefumba, na mizani ikaonyesha uzito wake wa zamani, wote, haukupungua hata chembe. Chapchap akalia kwa furaha mbele ya bosi wake wala hakujali. Walimshusha kitini, Meneja akafuta jasho, akakiri kwamba hii si kazi ya mtu mmoja, akaenda kupiga simu atafutwe mhudumu wa pili.

Chapchap akapiga magoti kutoa mbeleko chini ya mapaja ya bibi. Mwalimu akafumbua macho, akamtazama, akatabasamu.

"Asante," alisema, na koo lake lilikuwa kavu. "Nimesimama muda mrefu sana. Sasa nimepata pa kukaa."

Nyuma ya winchi, upande wa kushoto, mahali palipokuwa patupu, Mwalimu alikuwa anaita, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Mwanangu, usiondoke. Mimi niko huku."