Fundo la Isale

Simu ya maandishi ilikuwa na maneno manne tu: Kahawa imeiva. Vuna leo.

Ephraimu, mpelelezi wa Waingereza, aliisoma mara moja, akaitia katika jiko la ofisi ikaungua. Dakika tano baadaye pikipiki yake ya jeshi, Triumph, ilikuwa inatifua vumbi la barabara ya Moshi. Bastola ya Webley kiunoni. Darubini ya Zeiss, nyara ya Mjerumani, shingoni.

Februari, 1919. Vita imekwisha, Mjerumani kashindwa, na washindi wamekaa Ulaya wanapatana amani na kugawana dunia. Kila mmoja ati anataka aonekane msafi.

Kumbe kulikuwa na daftari. Mzee Sadoki wa Nkoaranga alikuwa ameuzunguka mlima wa Wameru miaka miwili, akiandika majina ya vijana waliokamatwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza wasirudi. Mia nne na kumi na wawili. Kesho yake msafiri mmoja angepanda nalo treni pale Moshi, alifikishe kwenye meza ile ya amani kabla wakubwa hawajatia saini. Mabwana wa Ephraimu hawakutaka meza isikie.

Jina la kwanza lilikuwa Bariki, mtoto wa Sadoki. Na aliyewaonyesha askari shimo alimojificha Bariki ni huyuhuyu Ephraimu.

Alimwona mzee kwa darubini, kijiani, katikati ya migomba. Mzee naye alisikia pikipiki, akakimbia.

Ephraimu aliitupa Triumph, akamfuata mbio.

Alichelewa. Sadoki alikuwa kwenye ukingo wa korongo, daftari mkononi, mkono juu. Ng'ambo ya mto binti yake Penina alikuwa amekinga kanga tayari kulidaka. Hata angepigwa risasi, daftari lingevuka.

Ephraimu akachuma jani la isale, ule mmea wa kuombea radhi, mpakani mwa shamba. Akalifunga fundo. Akapiga magoti.

"Shikamoo, Baba. Nisamehe kwa ajili ya Bariki."

Mkono wa mzee ukashuka. Anayeletewa isale lenye fundo hamkatai mtu, hata awe muuaji. Wameru wamelelewa hivyo, na Ephraimu alilelewa hivyo. Sadoki alirudi polepole, machozi yanamtiririka. Isale hupokewa kwa mikono miwili, basi akaliweka daftari chini, akalipokea.

Ephraimu akaliokota daftari.

Ng'ambo Penina alianza kulia kwa sauti.

"Ulilifuata hilo tu?" Sadoki aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

Mzee alilitazama jani kwa muda mrefu. "Mimi nimeshapokea, mwanangu," alisema. "Nimekusamehe."

Afadhali angemtukana.

Daftari liliungua jioni hiyohiyo katika jiko lilelile la ofisi. Juni ikaja simu nyingine: amani imetiwa saini. Bwana mkubwa alifurahi, akasema kazi ilikuwa nzuri. Ephraimu alipiga saluti, akawasha sigara, akatoka bila kugeuka. Usoni hakuonyesha kitu.

Lakini jamani, kulikuwa na Jumapili. Tangu Jumapili ya kwanza baada ya siku ile ya korongoni, Mzee Sadoki alimngoja mlangoni mwa kanisa, akampa mkono mbele ya watu wote, akamwita mwanangu, kama isale linavyotaka. Hakuruka hata wiki moja, mpaka Ephraimu akaacha kwenda kanisani.