Beji ya Mama na Pasi ya Mshonaji

Mama alipochambua maharage, Mbona alikaa upande wa pili wa meza akiuliza maswali. Hilo halikuwa jina alilopewa alipozaliwa. Alilipata kwa majirani, kwa sababu tangu aanze kusema, nusu ya sentensi zake zilianza na neno hilo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata walimu walikuwa wamesalimu amri.

"Mama, mwalimu kasema katikati ya atomu kuna kiini, na ndani ya kiini kuna protoni zenye chaji chanya. Halafu kasema chaji zinazofanana zinasukumana. Mbona sasa hazitawanyiki?"

Mama alicheka. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kutibu saratani kwa mionzi pale hospitalini, na maswali ya namna hii yalimwondolea uchovu. Alisogeza maharage machache mekundu katikati ya meza. "Chukulia hizi ni protoni. Kweli zinasukumana." Kisha akachanganya na meupe. "Hizi ni nyutroni, hazina chaji. Zote zikikaribiana sana, kuna nguvu nyingine inayozikamata, kubwa kuliko ule msukumano. Ila nguvu hiyo ina mkono mfupi, haifiki mbali. Nyutroni zinasaidia kushika bila kusukuma."

"Basi zikiwa nyingi ndiyo vizuri zaidi?"

"Wapi! Kobalti ya kawaida ina protoni ishirini na saba na nyutroni thelathini na mbili, imetulia tuli. Ya kwenye mashine yetu ina nyutroni moja zaidi. Moja tu, na kiini hakina raha tena. Ipo siku nyutroni moja itageuka kuwa protoni, kobalti itakuwa nikeli, na kiini kitatupa nje nguvu iliyozidi. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni mionzi ya gama. Tukiielekeza vizuri, inaua uvimbe. Ikitupata sisi mara kwa mara, inatuumiza."

Kwa ajili hiyo wafanyakazi wote wa kitengo kile walivaa beji ndogo kifuani. Mama alimweleza kwamba ndani yake mna vipande vya fuwele vinavyotunza alama ya mionzi iliyompata mvaaji. Fuwele zikipashwa moto ndani ya mashine ya kusomea, hutoa mwanga. Mionzi ikiwa mingi, mwanga nao unakuwa mwingi. Mbona alilishika neno hilo "mwanga" na kulala nalo.

Kesho yake darasani alisema kwamba mama yake anafanya kazi na viini vya atomu. Darasa zima liliangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa rafiki yake, binti wa mshonaji, ambaye kwa wembamba wake na ukali wa ulimi wake aliitwa Sindano.

"Umewahi kukiona hicho kiini?" Sindano aliuliza. "Au mama yako anakifungia kabatini?"

Maneno yale yalimchoma. Mbona hakupenda kuitwa mwongo, hasa kwa jambo ambalo kwa mara ya kwanza alilielewa kuliko wenzake.

Siku hiyohiyo alipotoka shule alimkuta mama amelala mchana, jambo lisilo la kawaida. Koti lake jeupe lilikuwa limetupwa kitini, na kwenye mfuko wa kifua ilining'inia beji. Kwa kawaida beji haikuja nyumbani. Ilibaki hospitalini kwenye ndoano yake. Mbona hakujiuliza kwa nini leo imekuja, na hilo ndilo swali pekee alilopaswa kuuliza. Aliichomoa na kukimbilia kwa mshonaji.

Mshonaji alikuwa ametoka kupeleka nguo kwa mteja. Sindano alifunga dirisha la chumba cha nyuma, wakawasha pasi na kuizungusha hadi alama ya moto mkali. Mbona alifungua ganda la beji, akatoa kadi yenye fuwele na kuilaza juu ya bamba la pasi. Wawili hao waliinama gizani, vichwa vimegusana, wakisubiri mwanga.

Hawakuona kitu. Walisubiri hadi pua zikaanza kutoka jasho.

"Kiini chenu kimelala," Sindano akasema, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Mbona alirudisha kadi ndani ya ganda na beji kwenye koti. Ilionekana vilevile kama mwanzo, wala mama hakuamka.

Jioni, mezani, ndipo mama aliposimulia. Asubuhi ile kobalti ilikuwa imekwama. Kila mara baada ya tiba kobalti hurudi kwenye kasha nene la madini ya risasi yanayozuia mionzi, lakini leo ilikataa kurudi, na chini yake alikuwa amelala bibi mmoja asiyeweza kuinuka mwenyewe. Mama aliingia, akavuta kitanda pembeni, akambeba bibi hadi nje na kufunga mlango. Mafundi waliirudisha kobalti baadaye.

"Nilichanganyikiwa mpaka nikaja na beji nyumbani," mama alisema. "Kesho asubuhi naipeleka isomwe haraka. Yenyewe ndiyo inajua nimepata mionzi kiasi gani. Mimi mwenyewe sijasikia chochote mwilini, na mionzi haisikiki."

Mbona aliweka tonge chini. Alitaka kusema, akanywa maji badala yake. Alijifariji kwamba mwanga haukutoka, kwa hiyo labda hakikuharibika kitu.

Siku zikapita. Mama alisubiri majibu akijifanya hana wasiwasi, lakini aliweka chumvi kwenye chai. Mbona naye hakuuliza swali hata moja, mpaka majirani wakadhani anaumwa.

Kisha mama akarudi nyumbani akiimba. Beji ilikuwa imesomwa, na imeonyesha mionzi kidogo sana. Mzee Kipimo, mtaalamu wa fizikia wa hospitali, alishangaa, lakini alisema mashine ndiyo imesema. Keshokutwa mama angerudi kwenye chumba cha kobalti.

"Nilikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani!" mama alisema, akamvuta Mbona na kumbusu kichwani.

Mbona alifurahi kwa kitambo kifupi, kisha furaha ikamgeuka. Mama alikuwa anashangilia namba iliyofutwa na pasi. Angerudi kwenye mionzi kwa kuiamini namba hiyo, na katika dunia nzima aliyejua kwamba ni ya uongo alikuwa yeye tu.

"Mama," alisema, na machozi yakamtangulia. "Beji niliipiga pasi."

Mama hakuelewa. Mbona akamweleza yote: kicheko cha darasani, koti, chumba cha nyuma, giza, na mwanga usiotoka. Mama alikaa chini taratibu. Mbona alingoja kofi, lakini mama aliuliza tu, kwa sauti ya kikazi, "Pasi ilikuwa ya moto kiasi gani?"

"Mpaka mwisho."

"Mwanga ulitoka, mwanangu. Ni hafifu mno, macho hayauoni. Ulitoka ukaishia hewani." Mama alifuta uso wake kwa kiganja. "Nimekukasirikia sana. Nitakukasirikia vizuri baadaye. Vaa viatu."

Mzee Kipimo, waliyemkuta hospitalini, alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama alimsukuma Mbona mbele. "Mwambie mwenyewe."

Mbona alisema, safari hii bila kulia. Mzee Kipimo alisikiliza bila kumkatiza, kisha akavua miwani. "Shikamoo yako hukuitoa, lakini habari hii inazidi shikamoo," alisema. "Nilikuwa naona ile namba haikai sawa, nikaikubali kwa sababu ilikuwa tamu. Hata mimi nina kosa langu."

"Sasa hatutajua kamwe?" Mbona aliuliza.

"Tutajua kwa njia ndefu."

Kobalti ikiwa imefungiwa kwenye kasha lake, Mzee Kipimo alipanda kitandani akawa ndiye mgonjwa. Mama alirudia kila alichofanya siku ile, huku fundi akipima muda. Alipomwinua Mzee Kipimo, miwani ilianguka, naye akalalamika kwamba bibi yule hakika alikuwa mwepesi kuliko yeye. Hata mama alicheka. Baadaye waliacha kifaa cha kupimia kila mahali mama aliposimama, wakatoka wote na kufunga mlango, ndipo wakaitoa kobalti kwenye kasha wakiwa nje. Damu ya mama nayo ikapelekwa kuchunguzwa kama chembe zake zimeumia.

Majibu yote mawili yalikubaliana. Mama alikuwa amepata mionzi mingi kuliko anayopata kwa mwaka mzima wa kawaida. Haikutosha kumfanya augue, lakini ilitosha kumwondoa kwenye chumba cha kobalti kwa muda mrefu. Angekuwa akiwapanga wagonjwa na kuwafundisha wafanyakazi wapya.

Mzee Kipimo alimwita Mbona pembeni. "Hakuna aliyewahi kukiona kiini kwa macho," alisema. "Tunakijua kwa alama kinazoacha. Kwa hiyo kazi yetu nzima imesimama juu ya watu wasiochezea alama. Ulipoweka beji juu ya pasi, hukujua. Hilo ni kosa la mtoto mdadisi, nami nalisamehe bure. Uliponyamaza, ulijua. Hilo lingemrudisha mama yako kwenye mionzi akiimba. Udadisi wako usiuache, ila siku umeharibu kitu, sema saa hiyohiyo."

"Nimeelewa, babu. Na shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa, lakini imefika."

Njiani kurudi nyumbani mama aligeuka mara moja kuitazama hospitali. Mbona alijua jinsi alivyoipenda ile mashine na wagonjwa wake.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Bado."

"Ungependa nisingesema? Ungerudi kwenye kazi yako."

Mama alisimama katikati ya njia. Alimshika mwanawe mkono kama alivyomshika alipokuwa mdogo.

"Ile namba ndogo ilinifurahisha," alisema. "Hii kubwa ndiyo inayonitunza. Na umeniletea wewe."