Kitambaa cha Maneno Kumi na Mawili

Foleni ya malori ilianzia mpakani Malaba ikarudi nyuma hadi kupita kituo cha mafuta, na Selpha alikuwa akiifuata kwa miguu tangu saa mbili asubuhi, mapazia yakiwa begani. Yalikuwa mapazia ya vyumba vya madereva, mekundu na ya bluu, yenye vishada vya rangi ya dhahabu, na aliyashona kwa mikono yake mwenyewe. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe, kwa maana anayetembea foleni kutwa hawezi kuvaa viatu vya kisigino. Alikuwa ameinua uso kumwita dereva dirishani alipokanyaga mguu wa mtu.

Mguu ulikuwa umejitokeza chini ya lori. Sauti ikafuata.

"Dada, huo mguu bado ninautumia."

"Pole, boss. Nilidhani ni spea."

Kicheko kilitoka chini ya lori kabla ya mwenyewe kutoka. Alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli yake ya kijani imefuliwa mpaka ikapauka, grisi shavuni, na mwanya kati ya meno ya mbele.

"Naitwa Okiria. Mimi ndiye fundi wa malori haya matatu. Unauza nini?"

"Mapazia ya dereva."

"Mimi si dereva. Mimi hulala chini ya injini."

"Basi nitakushonea la chini ya injini."

Okiria alinunua mapazia mawili. Selpha hakumuuliza angeyatundika wapi. Jioni ya siku ile, kabla jua halijatua, alimkuta kwenye benchi la Akurut, mama aliyeuza chai na mandazi karibu na kibanda chake cha kushonea. Uso ulikuwa umeoshwa, na mapazia yamekunjwa vizuri magotini kama mtoto wa mgeni.

"Huyu amemaliza vikombe vinne," Akurut alisema. "Ama ana kiu, ama ana maneno."

Alikuwa na maneno. Foleni ilikaa siku mbili, na katika siku hizo mbili Selpha alijua kwamba Okiria alizaliwa hapo hapo Malaba, kwamba tajiri wake alikuwa na gereji Bujumbura, na kwamba kila mwezi alisindikiza malori hayo kwenda na kurudi. Okiria naye alijua kwamba Selpha alitoka Rukala, ambako mto Nzoia uliingia nyumbani kwao akiwa darasa la pili, ukachukua madaftari, vyeti vya ubatizo na hati ya shamba, na kwamba baada ya hapo hakurudi shule tena. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kujua kusoma kwake kulikuwa na mwaka mmoja na nusu tu. Kila Jumanne na Alhamisi alikaa katika darasa la watu wazima nyuma ya kanisa, penseli imechongwa kwa wembe.

"Sasa nikikuandikia ujumbe utausoma mwenyewe?" Okiria aliuliza.

"Nitausoma, halafu nitakusahihisha."

Basi zikaanza simu. Kila jioni simu ililia akiwa bado kwenye cherehani.

"Selpha wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, fundi wa chini?"

"Nimekula moshi. Niambie kitu kizuri."

"Leo nimeandika barua nzima bila kufuta."

"Umemwandikia nani?"

"Wewe. Lakini sitaituma mpaka ujifunze kuvumilia."

Alipofika safari ya nne, Okiria alikuja na jambo zito. Mshahara wake ulilipwa kwa faranga za Burundi, na faranga hizo hazikuwa na njia ya kutoka.

"Ninazo," alimweleza, "lakini ni kama maji kwenye kiganja. Benki za kule hazina dola ya kumpa mtu kama mimi. Kuvuka na mabunda ni marufuku. Nikificha nikafika nayo hapa, wabadilishaji watanipa nusu ya thamani. Kwa hiyo nimeanza kununua dola za simu."

"Dola za simu ni zipi?"

"Hazishikiki. Zinakaa kwenye mtandao, na simu ndiyo dirisha la kuzionea. Huku kwetu ninaweza kuziuza nikapata shilingi. Kule sheria haizitaki, sikufichi."

"Na ukikamatwa?"

"Nitakuwa fundi wa gereza."

"Sicheki, Okiria."

"Najua. Nikitimiza bei ya kile kiwanja nyuma ya reli, naacha. Mbele tutaweka cherehani yako, nyuma gereji yangu. Lakini nataka unisaidie. Simu ikiharibika, kinachofungua pochi ya dola hizo ni maneno kumi na mawili, tena kwa mpangilio wake. Siwezi kutembea nayo kule. Wakinipekua wakayakuta, nimekwisha. Nataka uyaweke wewe."

Aliyataja moja baada ya jingine, herufi kwa herufi, kwa maana yalikuwa ya Kiingereza: maneno ya kawaida, la mto, la ngazi, la chumvi, la punda. Selpha aliyaandika katika daftari lake, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Hakuna aliyewahi kumpa kazi ya kuandika. Alipomaliza, Okiria alisoma na hakukuta kosa hata moja.

"Yahifadhi mahali yasipoweza kupotea," alimwambia. "Ukishayahifadhi, choma karatasi."

Malori yakaondoka, na Selpha akabaki kufikiri. Karatasi aliijua: aliiona ikielea sebuleni kwao, wino ukiyeyuka. Kitambaa hulowa, kikaanikwa, kikakauka, na yaliyotariziwa yakabaki. Basi akakata kitambaa cheupe cha kutundika ukutani, mfano wa vile vinavyopamba kila sebule ya nyumba za huko, akatarizi ua kubwa lenye petali kumi na mbili, na katika kila petali akaweka neno moja kwa uzi wa rangi yake. Ilimchukua majuma mawili. Alipomaliza, alichoma karatasi jikoni, akakitundika kitambaa ukutani juu ya kochi. Kwake yeye, hapo palikuwa mahali pa heshima kuliko pote.

Jumapili moja Akurut alimkuta ametoka kanisani, gauni jipya la zambarau lenye mabega yaliyosimama, akampiga picha pale pale kwenye kochi na kuiweka kwenye status ya simu yake ili marafiki wote, hata Okiria, waione. Ilikaa robo saa kabla ya simu ya Selpha kulia.

"Selpha, hicho kilichoko nyuma yako ni nini?" Sauti ya Okiria haikuwa na salamu.

"Umekiona? Nilitaka kukushangaza ukija."

"Ni yale maneno?"

"Ndiyo. Hata gharika haiyafuti."

"Umeanika mlango wa nyumba yetu mbele ya watu wote wa Malaba. Mwambie Akurut aiondoe hiyo picha sasa hivi. Jasho langu la mwaka mzima, Selpha, umelitundika ukutani kama kalenda."

"Ulisema niyaweke mahali yasipoweza kupotea."

"Nilisema ni siri. Lakini kosa ni langu. Kwa nini nilimpa siri mtu aliyejifunza kusoma juzi?"

Selpha alitazama vidole vyake, vyenye alama za sindano.

"Nitayafumua," alisema polepole. "Leo hii. Hutayaona tena." Akakata simu.

Akurut aliondoa picha na kuomba radhi mara tatu. Selpha alichukua wembe na kuyafumua maneno yote kumi na mawili, uzi baada ya uzi, mpaka petali zikabaki tupu. Siku ya pili alingoja simu. Ya tatu akajifanya hangoji. Juma la kwanza likapita, la pili na la tatu, na Okiria hakupiga. Alipojaribu yeye, namba haikupatikana.

"Nipe hicho kitambaa nikifue," Akurut alisema. "Usikae na uchafu wa mwanamume."

"Kiache. Nitakifua mwenyewe."

Hakukifua.

Alasiri ya Alhamisi, mvua ilipokatika na matope ya barabarani yakawa rangi ya chai ya maziwa, mtu mrefu alisimama mlangoni mwa kibanda. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mikono yake, kwa mara ya kwanza, haikuwa na grisi.

"Hodi, Selpha."

"Karibu. Mapazia yako yako wapi?"

"Yako kwenye lori. Nimeyatundika chini ya injini kama ulivyosema." Hakutabasamu. "Siku ile tuliyogombana niliweka simu juu ya tairi, nikaingia chini kufunga bolti kwa hasira. Dereva aliniita nitoke, nikatoka, lori likasogea. Simu ikawa chapati. Namba yako sikuijua kwa kichwa."

"Na pesa?"

"Zimekwenda. Simu haipo, na maneno uliyafumua. Sikuja kwa ajili hiyo."

"Umekuja kwa ajili gani?"

"Lile neno nililokuambia, la kusoma juzi. Kilomita zote kutoka Bujumbura nimekuwa nikilisikia. Wewe uliandika maneno kumi na mawili bila kosa, mimi niliyemaliza sekondari nikaweka simu juu ya tairi. Naomba unisamehe. Kiwanja tutakitafuta upya, au nitakitafuta peke yangu, kama ndivyo utakavyo."

Selpha alimwacha asimame kidogo, kwa maana alistahili kusimama. Kisha akafungua sanduku chini ya cherehani, akatoa kitambaa, akakishika mlangoni ambapo jua lilikuwa limerudi. Nuru ikapenya. Katika kila petali, pale uzi ulipokuwa, vilionekana vitundu vya sindano, na vitundu vile vilikuwa herufi.

Okiria alisogea mpaka pumzi yake ikatikisa kitambaa.

"Mbona hukukifua? Maji yangeviziba vitundu hivi vyote."

"Sabuni ilikwisha."

Okiria alitazama miche mitatu ya sabuni rafuni, kisha akakigeukia kitambaa. Selpha alimpa simu yake. Okiria aliweka pochi upya, akaandika maneno kwa kuzunguka ua kama mishale ya saa. Simu ikakataa. Akaanzia petali nyingine, akazunguka, ikakataa tena. Jasho likamtoka.

"Fundi," Selpha alisema, "ukifunga gurudumu, unakaza bolti moja na jirani yake?"

"Hapana. Nakaza moja, kisha ya ng'ambo, gurudumu lisipinde."

"Na kitambaa ni hivyo hivyo. Ukitarizi upande mmoja mfululizo, kinavutwa na kukunjamana. Nilianza juu, nikaja chini, nikaenda kulia, nikaja kushoto. Walioona ile picha wangezunguka kama wewe mpaka Krismasi. Siku ile hukuniuliza. Sasa andika, nitakusomea."

Alisoma, kidole kikiruka kutoka petali hadi petali, herufi kwa herufi, na Okiria akaandika kama mwanafunzi. Neno la kumi na mbili lilipoingia, simu ilifikiri kidogo, kisha ikafunguka. Jasho la mwaka mzima lilikuwa pale, halijaguswa.

Akurut, aliyekuwa amesimama nje na birika muda wote huo, alikohoa.

"Nilete vikombe viwili au mtatumia kimoja?"

"Lete viwili," Selpha alisema. "Huyu bado yuko kwenye adhabu."

Wakanywa chai mlangoni. Okiria aliuliza kama darasa la Alhamisi lilikuwa limeshaanza. Selpha akasema limeanza, na kwamba mwalimu angesamehe siku moja.

"Kesho naziuza, tukalipe kiwanja," Okiria alisema. "Na Bujumbura sirudi tena. Zitabaki chache tu. Kwa hizo, nataka tufungue pochi mpya yenye maneno mapya. Sita utayashika wewe, sita mimi. Nisione yako, usione yangu."

Selpha alishusha kikombe. "Hapo hakuna atakayeweza kuifungua bila mwenzake."

"Ndiyo."

"Na mmoja akiondoka?"

"Ndiyo nakuuliza, Selpha. Kuna anayeondoka?"

Mbele yao foleni ikasogea hatua kumi na kusimama. Selpha alikitandaza kitambaa magotini, akapapasa petali tupu kwa kidole gumba, kisha akavuta kikapu cha nyuzi.

"Chagua rangi," alisema. "Na safari hii ya kwako utayatarizi mwenyewe, kwenye kitambaa chako."