Upatu Uliojibu Chumbani

Mama Shaba aliugonga upatu ule, sahani ya shaba ipigwayo kama kengele, mara moja tu, asikie kama ufa aliouziba umeshika, na upatu haukulia. Ilikuwa kama ametwanga godoro. Akainua nyundo augonge tena, na ndipo mlio ulipotoka, mwembamba, mrefu, lakini ulitokea chumbani kwake, nyuma ya mlango uliofungwa.

Ilikuwa saa nane mchana. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Mumewe alikuwa amefariki mwaka wa tatu sasa, na karakana ya kengele pamoja na nyumba iliyoungana nayo kuzunguka ua zilimbakia yeye peke yake. Kuna siku jua lilikuchwa hajatamka neno.

Muuza vitu vya kale aliyeleta upatu alikuwa amemwonya. "Huu si pambo, mama. Zamani ulipigwa kuwaita wasioonekana, ukapigwa tena kuwaaga. Na anayeita ndiye anayeaga. Ziba ufa tu, usiupige."

Lakini fundi gani atarudisha kazi bila kuisikia?

Akasukuma mlango wa chumba. Kulinuka chuma kilicholowa mvua. Kitandani, upande wa mumewe, godoro lilikuwa limebonyea. Kikasikika kikohozi, kile kile kikavu cha moshi wa tanuru, kisha sauti: "Umechoka, mke wangu. Kaa."

Alijua si yeye. Mumewe alizikwa yeye akiona. Hata hivyo akakaa.

Wiki moja baadaye mdogo wake alikuja kumjulia hali, akamkuta anacheka chumbani.

"Dada," alinong'ona, "unaongea na nani?"

"Na shemeji yako."

"Shemeji tulimzika, dada."

"Kwani mimi nimesahau?"

Kitanda kikalia kama mtu amejigeuza. Mdogo mtu alitoka mbio bila viatu, na kesho yake asubuhi akarudi na mganga, mama mfupi mpole mwenye mfuko wa plastiki mkononi.

"Siwezi kumtoa mimi," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Umemwita wewe. Piga mara saba. Kila pigo atarudi nyuma. Akisema, usimjibu."

Mama Shaba akapiga. Pigo la kwanza, kitanda kililia. La pili, nyayo zilisikika sakafuni. La tatu na la nne zilipita sebuleni, na harufu ya chuma ikampita Mama Shaba usoni, baridi, karibu kiasi kwamba vinyweleo vya mikono vilimsimama, na mdogo wake akajibana ukutani akijiziba mdomo kwa kanga, na la tano likamfikisha yule asiyeonekana kizingitini, na la sita mlango ukajifunga wenyewe, naye akawa nje, akakwaruza ubao taratibu kwa kucha, akasema kwa sauti ya marehemu: "Mke wangu, huku nje hakuna mtu."

Nyundo ikasita hewani.

"Bado moja," mganga alinong'ona.

Mama Shaba aliiweka nyundo chini. "Mwacheni," alisema. "Ninyi mna kwenu pa kurudi."

Mganga hakugombana naye. Alikusanya vitu vyake. "Basi ujue, huyo hali chakula. Anakula sauti. Ya mumeo aliikuta kwako, katika kumbukumbu zako, na imebaki kidogo. Ikiisha ataanza nyingine."

Mama Shaba akamrudisha ndani, na miezi miwili walikaa vizuri, kama mtu na mumewe. Kikohozi kikapungua, kikakoma. Koo la Mama Shaba likaanza kukauka. Alidhani ni mafua.

Jumapili moja alikuwa karakanani anakoroga shaba, akamwona mdogo wake kupitia dirishani, ng'ambo ya ua, amesimama mlangoni pa nyumba anabisha hodi kwa woga.

"Pita, mdogo wangu," sauti ilimwitikia kutoka chumbani, changamfu, sauti ya Mama Shaba mwenyewe. "Yule ameshaondoka. Niko peke yangu."

Mama Shaba alifungua kinywa apige kelele. Ikatoka pumzi tu.

Mdogo wake akatabasamu, akavua viatu, akaingia.