Nilimwambia Dada Yangu Ni Mmea wa Dawa

Nina umri wa miaka thelathini na mitatu. Sijaoa. Hadi mwaka jana nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hapa Riyadh, nikitafiti namna ya kukausha na kuhifadhi tende baada ya kuvunwa. Watu wa kwetu Taita walikuwa wamekwisha kuanza kuniita daktari hata kabla sijaandika sura ya mwisho. Leo sina sura ya mwisho, na ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, imebakiza wiki chache tu. Lakini hayo siyo yanayoniumiza, wasomaji wenzangu. Kinachoniumiza ni dada yangu wa tumbo moja, Wakesho, aliye gerezani Jeddah kwa sababu ya sentensi mbili nilizozitamka kwa kinywa changu.

Sentensi mbili! Na hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo...

Wakesho amenipita kwa miaka sita. Mama alipofariki nikiwa darasa la tatu, ndiye aliyenifulia sare na kunisimamia nikisoma. Alikuja Saudia kabla yangu, akaajiriwa katika nyumba moja ya Al-Safa, Jeddah, kulea watoto na kumtunza mama mzee wa madam, mwajiri wake. Mumewe, Mwakio, alikuwa dereva wa bosi mmoja katika mji huohuo. Alipanga chumba Ruwais, ghorofa ya juu kabisa ya jengo kuukuu. Madam alimruhusu Wakesho kutoka kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, arudi kabla ya magharibi. Saa hizo chache alizitumia katika chumba cha mumewe, akipika ugali na kufua. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yao yote.

Shemeji Mwakio hakuwahi kuuheshimu utafiti wangu. "Miaka minne unasomea tende kukauka?" alikuwa akinitania. "Na jua linafanya kazi hiyo bure!" Nilicheka, lakini iliniuma. Mimi ni mtu wa kuumwa na mambo madogo.

Kisha siku moja alinipigia, na sauti yake ilikuwa na unyenyekevu nisiouzoea.

"Shem, si wewe ndiye bingwa wa kukausha? Niko na majani hapa, nimeyaanika, yameoza yote. Hewa ya Jeddah ni supu, shem! Unaanika shati asubuhi, jioni liko na maji mengi kuliko ulipolianika."

Nikamuuliza ni majani gani. Akasema ni majani tu, nimwambie la kufanya.

Hapo ndipo nilipopaswa kukata simu. Badala yake nilimhoji kama ninavyohoji kitu chochote kinachooza. Je, ukungu ni mweupe au wa kijivu? Umeanzia kwenye majani au ndani ya vichwa vya maua? Vidole vinanata ukivishika? Alipojibu swali la tatu nilikwisha kujua. Lakini nilijiambia hivi: yeye hajalitaja jina la mmea, nami sijalitaja, kwa hiyo hakuna anayejua chochote. Mnaona jinsi kichwa kilichosoma kinavyoweza kujidanganya?

Ukweli ni kwamba nilifurahi kuulizwa. Mtu aliyenidharau sasa alikuwa akinihitaji, na furaha hiyo ilinitosha kufumba macho.

Wakati wa likizo nilipanda basi hadi Jeddah. Mwakio alinipokea, akafunga mlango kwa ufunguo, kisha akafungua kabati la nguo. Kamba zilikuwa zimefungwa kutoka msumari hadi msumari, na mimea ilining'inia kichwa chini, huku feni ndogo ikizunguka sakafuni. Aliiotesha juu ya paa, nyuma ya matangi ya maji, ndani ya ndoo tupu za rangi. Harufu ilijaa chumba kizima. Bangi! Katika nchi hii! Aliniambia wapo wanaume wachache wanaosubiri kununua, na kwamba akishapata kiasi fulani atamrudisha Wakesho nyumbani, asiwe tena mtumishi wa mtu.

Ningemwambia aing'oe siku ileile. Ningemwambia nitamweleza dada. Je, mnajua nilifanya nini? Nilinyoosha mkono, nikakunja kijiti kimoja, nikasikiliza kama kitavunjika.

"Bado," nikasema.

Neno hilo moja linanitia aibu hadi leo.

Sitaandika hapa yote niliyomfundisha. Nitataja jambo moja tu, kwa kuwa ndilo lililotuangamiza. Nilimwambia kwamba majani yakishaingia kwenye chupa za kioo, vifuniko vifunguliwe kila siku kwa robo saa ili unyevu utoke. Kila siku, nikasisitiza, asiruke hata moja, la sivyo ukungu utarudi.

Kila siku... Mimi niliyehesabu kila kitu, sikuihesabu Ijumaa! Miezi hiyo, kila Ijumaa Mwakio aliipeleka familia ya bosi wake Taif tangu asubuhi hadi usiku. Na nani alikuwa ndani ya chumba kile siku ya Ijumaa?

Wakesho alinipigia mchana wa Ijumaa moja, akicheka kama kawaida yake.

"Daktari wa mama, hujambo? Hebu nisaidie. Shemeji yako ameniachia chupa nne kabatini, ati nizifungue robo saa halafu nizifunge. Nikimuuliza ni nini, ananiambia, muulize kaka yako, ni yeye amesema. Haya, nakuuliza. Ni majani gani haya? Yananuka beberu!"

Msije mkashangaa kwamba hakuyatambua. Tulilelewa karibu na kanisa, na baba yetu hakuruhusu hata ugoro mlangoni pake. Bangi dada yangu aliijua kwa jina tu, kama mtu anavyolijua jina la mji asiowahi kuufikia.

Nilinyamaza labda kwa muda wa pumzi nne. Katika pumzi hizo niliitunga sentensi yangu, nikaikagua neno kwa neno kama ninavyokagua tasnifu, nikahakikisha haina kosa.

"Ni mmea wa dawa, dada," nikasema. "Kuna nchi ambako madaktari huwaandikia wagonjwa."

"Dawa ya nini?"

"Maumivu."

"Basi nimpelekee nyanya, mamake madam! Magoti yanamtesa huyo, usiku kucha ni kulia tu."

"Hapana!" nilipiga kelele hadi mwenzangu wa maabara akageuka. "Usimpe mtu! Usimwambie mtu!"

Akanyamaza. Nadhani katika kimya kile alisimama karibu sana na ukweli, na kama ningenyamaza zaidi kidogo, angeufikia mwenyewe.

"Sawa," alisema hatimaye, taratibu. "Kama ni wewe umesema, basi sina maneno."

Alizifungua chupa zile Ijumaa tano. Ijumaa ya sita, mmoja wa wale wanaume alikuwa amekamatwa, akawaonyesha polisi mlango. Waliingia wakamkuta dada yangu ameketi juu ya godoro, chupa nne ziko wazi mbele yake, simu mkononi. Alikuwa akitazama saa ili robo saa isizidi.

Jumapili iliyofuata, kabla ya adhuhuri, nilikuwa nikipima tende kwenye mizani simu ilipolia. Aliyezungumza alikuwa na Kiswahili laini cha Unguja.

"Asalaam aleikum. Wewe ndiye ndugu yake Wakesho? Mimi ni mkalimani tu, ndugu yangu, usinihofu. Nipo na afisa hapa. Dada yako anasema majani aliyokutwa nayo ni dawa. Anasema wewe ni mtaalamu wa majani, na ndiye uliyemwambia hivyo. Ni kweli?"

Nyuma yake nilimsikia. Nilimsikia wazi kabisa!

"Ni yeye? Amepokea? Mdogo wangu, waambie! Waambie nilikuuliza!"

Niliuona ufadhili wangu ukifutwa. Nilimwona baba akiketi kanisani bila mtu wa kumsalimu. Niliiona miaka minne yote, na tende zilizokuwa mbele yangu, kila moja ikiwa na namba yake.

"Mimi nasomea tende," nikasema.

Mkalimani akalirudia neno langu.

"Tende?"

"Tende tu."

Akaitafsiri. Niliisikia sentensi yangu ikienda kwa Kiarabu, fupi, safi, bila kosa. Afisa alisema neno moja, "Halas," yaani basi. Kisha mkalimani akarudi kwangu, sauti imeshuka.

"Haya, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu akusaidie."

Simu ikakatwa. Nikarudi kupima tende... Mnaweza kuamini? Nilipima tende kumi na mbili zaidi na kuandika uzito wa kila moja!

Mwakio, ambaye chumba hakikuandikwa kwa jina lake, tayari alikuwa na viza ya kutoka kwa likizo. Siku ya tatu alipanda ndege kwenda nyumbani, akaniachia ujumbe mmoja kwamba nisitaje majina. Wakesho hakumtaja. Alidhani anamlinda mume, na alidhani ana ndugu Riyadh atakayesema ukweli kwa niaba yake.

Ndugu huyo alikuwa akifikiri. Ndivyo nilivyoliita jambo lile, kufikiri. Nilichora jedwali lenye safu mbili, nitakachopoteza na atakachopata, nikalirekebisha wiki baada ya wiki. Nilijiuliza kama ushahidi wangu ungepokelewa, kama ungemdhuru zaidi, kama ni busara kumwona wakili kwanza. Maswali yote yalikuwa mazuri, nami niliendelea kujificha ndani yake.

Nikaanza kusumbuka. Katika maabara, mtu akifungua chupa na kifuniko kikatoa pumzi, niliisukuma yangu kando, na mwenzangu akawa ndiye anayenifungulia bila kuuliza. Nilikuwa nikifundisha hesabu watoto wa nyumba moja kule Al-Malqa, mtaa wa hapa Riyadh. Mtumishi aliyenifungulia geti alikuwa Mkenya, na kila mara alisema, "Karibu kaka, umechoka leo." Alitamka maneno hayo kwa lafudhi ileile ya Wakesho. Siku moja nilisimama mbele ya geti lile, nikashindwa kubonyeza kengele, nikaondoka. Sikurudi tena.

Hukumu ikatoka. Miaka... siwezi kuiandika idadi yake. Nimejaribu mara mbili.

Kisha akaruhusiwa kupiga simu kwa dakika chache. Mara ya kwanza aliniuliza kama ninakula. Mara ya pili aliniuliza kama Mwakio alifika salama. Mara ya tatu hakunisalimu.

"Mdogo wangu, nikuulize kitu kimoja. Ulijua?"

Nikaanza kutunga. Nilisema kwamba inategemea ni wakati gani, kwa sababu mwanzoni...

"Wachana na hiyo," akanikata. "Usinijibu kama kitabu. Ulijua ama hukujua?"

"Nilijua."

Nilisikia wanawake wakizungumza nyuma yake, lugha nyinginyingi.

"Na siku ile wamekupigia, uliwaambia nini? Niliona tu yule afisa amefunga faili."

"Niliwaambia nasomea tende."

Alicheka. Kicheko kifupi, kilekile cha kwetu nyumbani. Ee Mungu, heri angelia!

"Enda uwaambie vizuri," akasema, na simu ikafa.

Kesho yake asubuhi nilipanda basi hadi Jeddah, nikaenda kituo cha polisi. Nilimkuta mkalimani yuleyule, mzee mfupi mwenye miwani, na aliponisikia nikizungumza alinitambua kabla sijataja jina. Nilieleza yote, kabati, kamba, chupa, pumzi zile nne. Afisa aliandika bila kuinua kichwa. Alipomaliza aliniuliza swali moja, kwa nini nimekuja leo. Nilikuwa na maelezo tisa. Nilisema, "Niliogopa." Nalo akaliandika.

Kisha wakaniambia kwamba muda wa kukata rufaa ulikuwa umepita. Ulipita kwa siku nne! Ninajua nilichokifanya katika siku hizo nne. Nilikuwa nikilinyoosha jedwali langu.

Maelezo yangu yamewekwa kwenye faili lake. Wakili anayemsaidia anasema huenda yakasomwa siku atakapofikiriwa msamaha, na huenda yasisomwe. Mimi nami nimefunguliwa faili. Chuo kimenisimamisha, na ninasubiri kuitwa. Sisubiri kwa kinyongo. Ningeitwa mapema ningeshukuru.

Tangu siku ile Wakesho hajanipigia. Dakika zake anampigia baba. Baba huniambia kwamba anawasalimu watu wote kwa majina, shangazi, majirani, mchungaji, hata mtoto wa jirani aliyezaliwa yeye akiwa kule. Mwanzoni baba alinidanganya kwamba nami nasalimiwa. Nikamwomba asinifanyie hivyo, na sasa akifika mwisho wa orodha hunyamaza.

Wasomaji wenzangu, sikuandika haya ili mnihurumie. Najua wapo miongoni mwenu, hapa Riyadh, Jeddah na kwingineko, wanaotunza vitu vya wenzao kabatini bila kujua ni nini. Nawasihi muulize, na mkijibiwa kwa maneno mazuri yasiyo na jina ndani yake, ondokeni katika chumba hicho siku hiyohiyo, hata kama anayewajibu ni mume, hata kama ni ndugu aliyesoma. Na nyinyi mnaoulizwa... nyinyi ndio ninaowaandikia hasa. Msijifiche nyuma ya ukweli mliouchagua kwa makini. Mtu anayekuamini anapokuuliza kilichomo mikononi mwake, mtajie jina lake, hapohapo, kabla hujavuta pumzi ya pili. Mimi ilinibidi niseme maneno mawili tu: "Ni bangi." Dada yangu angepiga ukelele, angenitukana, angejifunga leso na kurudi Al-Safa kwa miguu kama ingebidi.