Anayekanyaga Mafuta

Injini iliitikia, na Mzee Bisibisi hakushtuka. Hilo ndilo la kwanza la kushangaza, maana mtu mwingine yeyote angetupa spana na kutoka nduki.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, mlango wa gereji ya nyumbani kwake uko wazi. Alikuwa ameinamia injini ya gari lake dogo la Kiingereza, lile la kijani la viti viwili, lenye umri mkubwa kuliko binti yake. Magari ya aina hiyo yana kabureta mbili za kuchanganya hewa na petroli, na kabureta mbili ni sawa na wake wenza: mmoja akivuta zaidi ya mwenzake, nyumba nzima inatetemeka. Kuzisawazisha ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika kipande cha mpira wa maji, ncha moja kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni, anasikiliza mvumo wa hewa. Wa pili anakaa kiti cha dereva, mguu juu ya pedali ya mafuta, anangoja kuamriwa. Ongeza. Punguza. Shikilia hapo. Katika chama chao cha magari ya kizamani kazi hiyo hufanywa na mume na mke, ndivyo walivyojizoesha, na kwa miaka ishirini na sita aliyekanyaga mafuta kwa Mzee Bisibisi alikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa amezikwa miezi mitano iliyopita.

Basi mzee kainama, mpira sikioni, na maneno yakamtoka kwa mazoea tu: "Ongeza kidogo, bibie."

Injini ikapanda. Kidogo, kama alivyoagiza.

Akageuza shingo taratibu. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, ila ngozi yake ilikuwa imebonyea, na pedali ilikuwa imezama nusu.

"Punguza," akasema. Ikashuka.

"Shikilia hapo."

Ikashikilia. Akamaliza kazi, akakaza skrubu, akafuta mikono. Tangu msiba moyo wake ulikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya, hata ukiufinya hausikii. Hakulia kaburini, hakulia nyumbani, watu wakasema huyu ni mwanamume wa shoka. Wapi! Hakuwa na ushujaa wala nini. Alikula kwa sababu binti yake alimwekea sahani mbele, akalala kwa sababu taa imezimwa. Na asubuhi ile, kitu kilipomtii kutoka kwenye kiti kitupu, hakuona woga. Aliona nafuu kidogo. Akafunga boneti, akaenda kunawa.

Jumapili ya wiki iliyofuata wanachama walikutana, magari kumi na moja kwenye uwanja mmoja, maboneti yote juu, wazee wanabishana kama watoto. Hawa ni watu ambao gari likivuja mafuta wanafurahi, maana likiacha kuvuja ujue yamekwisha. Mwenyekiti wao, mng'oa meno mstaafu, alisimama mbele ya gari la kijani akitikisa kichwa kwa kulipenda.

"Linaimba," alisema. "Nani kakusaidia kusawazisha?"

"Nimefanya mwenyewe."

"Acha mzaha. Mikono miwili, mguu uko wapi?"

Mwenyekiti akachukua mpira, akauweka sikioni, ncha ya pili akaielekeza kwenye kabureta ya nyuma. Uso wake ulikuwa na tabasamu, kisha tabasamu likabaki pale peke yake, macho yameshaondoka. Akautoa mpira sikioni, akaufuta kwa leso, akaurudisha kwa adabu kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.

"Bwana," alinong'ona, "humu ndani kuna mtu anahema."

"Ni hewa inavutwa."

"Hewa inavutwa tu. Hii inavutwa na kutolewa." Akaenda zake, na siku ile hakukaa karibu na lile gari tena.

Hapo mwenye akili angeliuza gari lile. Mzee Bisibisi alianza kuamka mapema zaidi. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikwenda gereji, akawasha injini, akainama, akaagiza. Ongeza. Punguza. Kabureta zilikuwa sawa tangu siku ya kwanza, hazikuhitaji chochote, lakini aliagiza. Pakaanza harufu, kwanza hafifu chini ya harufu ya petroli: harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi na kusahauliwa kabatini. Mkewe hakuwahi kunuka hivyo. Mzee alilijua hilo, akalipita kama mtu anavyopita ombaomba, akitazama pembeni.

Binti yake ndiye aliyekuwa na macho. Alikuwa mwalimu wa mji mwingine, mtoto wao wa pekee. Mama yake alipofariki alikuja mbio akamkuta tayari amelazwa kitandani, amefunikwa. Baba akamwambia, alilala tu, hakuamka. Tangu hapo binti aliomba ruhusa kazini, akabaki kumtunza mzee aliyebaki. Usiombe kumtunza mtu asiyesikia baridi wala joto. Kila siku alimwona baba anapungua, mashavu yanaingia ndani, na anarudi kutoka gereji akiwa ametulia utulivu wa mgonjwa aliyekwisha kukata tamaa.

"Baba, unaongea na nani kule?"

"Na gari."

"Gari linakujibu?"

Akacheka kidogo. Ni mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na binti akatamani asingecheka.

Jioni moja, jua halijazama bado, walikuwa jikoni. Binti anamimina chai, baba anatazama kikombe.

"Ongeza kidogo," akasema mzee.

Kule gereji injini ikanguruma.

Binti akasimama na birika mkononi. Ufunguo wa gari ulikuwa mezani, pale pale, kati ya sukari na mkate. Injini ikapanda, ikapanda, vikombe vikaanza kulia juu ya visahani, na harufu ile ya nguo mbichi ikaingia kupitia chini ya mlango.

"Baba," alinong'ona, "ufunguo si huu?"

"Punguza," mzee akasema, bila kuinua macho. Kukanyamaza.

"Mama yako huyo," akamwambia. "Usiogope."

"Mama yangu hakuwa anangoja kuamriwa ndani ya nyumba yake," binti akasema, na sauti ilikuwa inamtetemeka kwa hasira na hofu pamoja.

Kesho yake alimleta fundi cherehani. Bibi huyu watu walimwendea kwa mambo mawili, nguo zisizowatosha na majini, na alisema yote mawili ni kupima tu. Aliingia gereji na futi ya kupimia shingoni, akaweka kiganja juu ya kiti cha dereva, akakitoa upesi.

"Si marehemu," alisema. "Marehemu hana shida na mtu. Huyu ni mpangaji. Na hakuvunja mlango, amekaribishwa kwa mdomo." Akamgeukia mzee. "Baba, ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Ulisema."

Mzee akatazama sakafu. Yule bibi akakunja futi yake.

"Mimi sina dawa ya neno la mtu mwingine. Aliyemwita ndiye wa kumfukuza, na lazima alitamke lile neno mbele ya mtu aliye hai, kisha alikane. Mpaka hapo asikae mtu kiti kile. Huyu kwa sasa anangoja amri. Akichoka kungoja, atataka mguu wa nyama."

Alipoondoka, mzee akarudi gereji na kuwasha injini, kama kwamba hakuna aliyesema lolote. Akainama, mpira sikioni. Hapo binti naye akachoka. Maji hufuata mkondo, na ubishi ule alikuwa ameurithi wote kwa baba. Akafungua mlango wa gari.

"Kama shida ni mtu wa kukanyaga mafuta," alisema, "mimi nipo." Akakaa.

"Toka hapo!"

Ilikuwa sauti kubwa ya kwanza kutoka kwa mzee tangu msiba, na ilichelewa. Mlango wa gari ukajifunga. Mlango wa gereji nyuma yao ukateremka wenyewe hadi chini, kishindo kimoja, na mwanga ukabaki uzi mwembamba sakafuni.

Injini ikapanda, na hakuna aliyekuwa ameagiza.

"Mwanangu, toa mguu."

"Siwezi." Alisema kwa sauti ndogo sana, ya mtoto anayeogopa kumwamsha mtu. "Baba, kuna mguu juu ya mguu wangu."

Mzee akapenyeza mkono dirishani akazima swichi na injini haikuzimika, akachomoa waya wa betri na injini haikuzimika, akavuta mlango wa gari kwa mikono miwili mpaka kitasa kikabaki kiganjani mwake huku moshi ukijaa kutoka chini na kupanda magotini na kifuani, na harufu ya nguo mbichi ikiwa nzito kiasi cha kutafunika, na binti yake akikohoa nyuma ya usukani akishika goti lake kwa mikono yote akilivuta bila kulisogeza hata unywele, na kwenye kipande cha mpira kilichoanguka juu ya injini pakisikika, waziwazi sasa, kitu kikihema haraka haraka kwa hamu. Akapiga kelele, punguza, punguza, shikilia, shuka, na kila neno likawa kama petroli.

Kisha akapiga magoti kando ya mlango, uso wake sawa na wa binti.

"Hakufia kitandani," alisema.

Binti akamtazama kupitia moshi.

"Alifia hapo ulipokaa. Mimi ndiye niliyembeba kumpeleka kitandani. Tulikuwa tunasawazisha. Nikasema ongeza, hakuongeza. Nikarudia, kimya. Sikuinua kichwa, mwanangu, nilikuwa nasikiliza kabureta. Nikakasirika. Nikamfokea, nikamwambia: kama umechoka shuka, nitapata mwingine."

Injini ilikuwa inalia kama chuma kinachokatwa. Mzee akageuza uso kuelekea kwenye pedali, kwenye giza la chini ya usukani.

"Nilisema kwa hasira. Sikutaka mwingine. Sikuwahi kutaka mwingine maisha yangu yote. Wewe si mke wangu, mke wangu amekufa, na kazi yako hapa haipo. Toka."

Ikakatika. Si kwa kushuka taratibu, ilikatika tu. Mlango wa gari ukafunguka, binti akadondoka nje, mguu wake wa kulia ukiwa na alama nyekundu za vidole vitano, virefu kupita vya mtu. Baba akainua mlango wa gereji, akamburuta hadi kwenye hewa, wakakaa ardhini wakikohoa mbele ya nyumba yao, mchana kweupe, jirani akipita na kuwasalimu na wasimwitikie.

Kitu kilikuwa kinarudi mwilini mwa mzee, sindano kwa sindano, na hakukuwa na namna ya kukizuia.

Binti alikuwa anasugua mguu wake, anafikiri.

"Baba," alisema hatimaye. "Ulipomwambia hivyo, mama alikuwa bado hai? Alikusikia?"



"Sijui, mwanangu," alisema, na kilio kikamtoka.